Tomaso Hakufukuzwa

Nilikuwa na miaka 12 nilipopewa jina la Tomaso. Sikubatizwa nalo. Nilipewa Jumamosi moja kwenye darasa la katekisimu, baada ya kuuliza swali la tatu mfululizo. Lilikuwa kuhusu mwili wa mtu kupita kwenye mlango uliofungwa. Wenzangu walicheka. Mwalimu alinionyesha mlango, ambao huo haukuwa umefungwa, akaniambia, "Tomaso, kaa nje mpaka imani ikuingie." Nikakaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka darasa likaisha. Imani haikuingia. Njaa ndiyo iliingia.

Jina likanifuata mtaani, likanifuata shule. Mpaka leo kuna mabeste wa zamani wakipiga simu wanaanza na "Tomaso, niaje."

Jioni ile nilimweleza shosh. Alikuwa ameketi akichambua maharagwe, anatoa mawe. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na huyo Tomaso mwenyewe, wenzake walimtoa nje?"

Nikamwambia sijui.

"Basi kasome," akasema, akarudi kwa maharagwe yake.

Imenichukua karibu miaka 20 kusoma vizuri, na shosh hayuko tena wa kumpelekea jibu. Lakini deni ni deni, hata kama mwenyewe ametangulia.

*

Nianze na kile kidogo tunachopewa. Injili tatu za kwanza zinamtaja Tomaso kwenye orodha ya mitume tu, jina kati ya majina. Ni Yohana pekee anayempa sauti, na hata hapo ni katika matukio matatu.

La kwanza: Lazaro amekufa Bethania, karibu na Yerusalemu. Yesu anataka kwenda. Wanafunzi wanaogopa, kwa sababu juzi tu huko watu walitaka kumpiga mawe. Anayekata shauri ni Tomaso. Anawaambia wenzake twendeni nasi tukafe pamoja naye. Hakuna mahubiri niliyowahi kusikia yanayomwita Tomaso Jasiri.

La pili: usiku wa karamu ya mwisho, Yesu anawaambia kwamba njia ya kule anakokwenda wanaijua. Nadhani wote walikuwa wanaitikia kwa kichwa, vile sisi hufanya darasani wakati hatujaelewa kitu. Tomaso anasema wazi: hatujui unakoenda, njia tutaijuaje? Jibu alilopewa ndilo lile la njia, kweli na uzima, ambalo leo unaliona limebandikwa kwenye kioo cha matatu. Bila swali la Tomaso, hakuna stika.

La tatu ndilo hilo sote tunalijua. Yesu amefufuka, amewatokea wenzake jioni, Tomaso hakuwepo. Wanamwambia tumemwona. Anasema mpaka aone alama za misumari na atie mkono ubavuni, haamini. Hapo ndipo tulimkamata, na mpaka leo hatujamwachilia.

Lakini soma tena polepole. Mistari michache kabla ya hapo, wale wengine walikuwa wameonyeshwa mikono na ubavu. Tomaso hakudai upendeleo. Alidai kile ambacho wenzake walikuwa wamepata tayari. Tena Yohana hasemi popote kwamba aligusa. Alialikwa aguse, na akajibu papo hapo kwa kukiri, kwa maneno makubwa kuliko ya mtume mwingine yeyote kwenye kitabu hicho. Kile kidole ndani ya kidonda ni cha wachoraji. Caravaggio alikichora mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ustadi kiasi kwamba tunadhani tumekisoma.

Na jambo ambalo shosh alitaka nilione liko katikati ya habari hiyo. Kati ya Tomaso kukataa na Yesu kurudi, zilipita siku 8. Siku 8 za kukaa nyumba moja na watu wenye furaha ambayo wewe huna. Yohana anasema baada ya siku hizo wanafunzi walikuwa ndani tena, na Tomaso yuko pamoja nao. Hakuondoka. Nao hawakumtoa.

*

Kwa miaka mingi nilidhani hadithi inaishia hapo. Kisha nikafanya kazi ofisi moja na jamaa kutoka Kerala, kusini magharibi mwa India. Siku moja kwa chai nikamuuliza familia yao ilikuwa ya Kikristo tangu lini. Nilitarajia anitajie mwaka fulani wa wamishenari, vile mimi ningetaja.

"Tangu mwaka wa 52," akasema, kama mtu anayekutajia namba ya matatu ya kwao.

"1952?"

"Hapana. 52. Alikuja Tomaso."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema babu yake alikuwa na uhakika, akamalizia chai.

Sasa hapo mimi, Tomaso wa katekisimu, ningefanya nini? Nikaenda kutafuta alama za misumari.

Kitabu cha zamani kabisa kinachosimulia kwa kirefu safari ya Tomaso kwenda India kinaitwa Matendo ya Tomaso. Kiliandikwa karne ya 3 kwa Kisiria, ndugu wa Kiaramu alichozungumza Yesu, na wasomi wengi wanakihusisha na mji wa Edessa, ambao leo ni Şanlıurfa nchini Uturuki. Humo mitume wanapiga kura kugawana dunia, na Tomaso anaangukiwa na India. Anakataa. Ati mwili wake ni dhaifu, ati yeye ni Mwebrania, atawahubiria Wahindi vipi? Basi Yesu mwenyewe anamuuza kama mtumwa kwa mfanyabiashara aliyetumwa kutafuta seremala, na hati ya mauzo inaandikwa.

Huko India mfalme anampa Tomaso pesa za kujenga ikulu. Mfalme anatuma pesa, anauliza kazi imefika wapi, anaambiwa imebaki paa, anatuma tena. Siku anakuja kuona, hakuna hata jiwe. Ukiwa umeishi Kenya, nusu ya hadithi hii unaijua: tenda imetolewa, pesa zimelipwa, kiwanja bado ni nyasi. Tofauti ni kwamba fundi huyu pesa aliwapa maskini. Anasema ikulu iko, ila imejengwa mbinguni. Mfalme anamtupa jela, mpaka ndugu yake mfalme anapokufa, anaiona ikulu hiyo huko juu, na kufufuka akitaka kuinunua.

Ni ngano, si ndiyo? Wasomi wa Ulaya walidhani hata mfalme huyo, Gundaphorus, ni wa kubuni. Kisha kuanzia miaka ya 1830 sarafu zikaanza kupatikana Afghanistan na Punjab zikiwa na jina lake, Gondophares. Maandishi ya jiwe kutoka Takht-i-Bahi, nchini Pakistan ya leo, yanataja mwaka wa 26 wa utawala wake, na wasomi wengi wanauweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 1. Yaani wakati uleule Tomaso angekuwa hai.

Tulia kwanza. Sarafu inathibitisha mfalme. Haithibitishi mgeni wake. Mtu anaweza kuandika hadithi ya uongo iliyo na Rais wa kweli ndani. Tena Punjab iko kaskazini, na jamaa yangu wa ofisi ni wa kusini kabisa.

*

Watu wa Kerala wana simulizi yao. Tomaso aliteremka mwaka wa 52 kwenye bandari ya Muziris, karibu na Kodungallur ya leo, akaanzisha makanisa saba, kisha akavuka upande wa mashariki na kuuawa kwa mkuki mwaka wa 72 huko Mylapore, ambayo sasa imo ndani ya jiji la Chennai. Miaka hiyo imehifadhiwa na jamii yenyewe, kwa nyimbo na kwa midomo ya wazee. Hakuna karatasi ya wakati ule.

Je, ingewezekana? Hapa pwani yetu inaweza kutoa ushahidi. Karne hiyohiyo ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki aliacha mwongozo wa safari za bahari hii, unaoitwa Periplus. Kitabu hicho kidogo kinashuka pwani ya Afrika Mashariki, alikoita Azania, mpaka soko la mwisho liitwalo Rhapta. Kisha kinavuka na kuitaja Muziris, imejaa meli zilizofuata pilipili manga. Meli hizo zilitoka Misri mwezi Julai, zikasukumwa na upepo uleule ambao mabaharia wa Lamu na Mombasa wanauita kusi, na kurudi na kaskazi. Sarafu za Roma zimefukuliwa nyingi kusini mwa India, na huko Pattanam, karibu na Kodungallur, wachimbaji tangu 2007 wametoa vigae vya mitungi ya mvinyo kutoka Mediterania. Myahudi wa Galilaya aliyetaka kufika Kerala hakuhitaji muujiza. Alihitaji nauli.

Lakini "ingewezekana" si "ilitokea." Ushahidi unaoshikika unakuja baadaye. Efrem, mshairi wa Edessa aliyekufa mwaka wa 373, alitunga nyimbo kuhusu mifupa ya Tomaso iliyoletwa mjini kwake na mfanyabiashara kutoka India. Karne ya 6, Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria, anaandika kwamba kuna Wakristo Male, nchi ya pilipili, yaani Malabar. Na mwaka wa 849 mtawala wa Kollam alilipa kanisa ardhi na haki za biashara, na akazichora kwenye mabamba ya shaba ambayo yapo mpaka leo. Mashahidi walitia sahihi kwa maandishi ya Kiarabu, ya Kipahlavi na ya Kiebrania. Waislamu, Wakristo, Wazoroasta na Wayahudi, wote kwenye hati moja wakishuhudia kiwanja cha kanisa. Fikiria hilo ukiwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi.

Kati ya mwaka wa 72 na nyimbo za Efrem kuna pengo la miaka 300. Nimejaribu kutia kidole hapo, na kidole kimeshika hewa. Siwezi kuapa kwamba Tomaso alikanyaga Kerala. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba kulikuwa na kanisa India zaidi ya miaka 900 kabla ya meli ya kwanza ya Ulaya kufika kwa njia ya Rasi, kanisa lililosali kwa Kisiria na kupokea maaskofu kutoka Mesopotamia, na ambalo lilijiita watoto wa mtume aliyeuliza.

Sijaona kama ni dharau kumfanyia Tomaso hivi. Yeye ndiye mtume pekee ambaye angenielewa.

*

Meli hiyo ya kwanza ilipitia kwetu. Kama wanafunzi wengi wa Kenya, mimi pia nilipelekwa Malindi kwa safari ya shule, nikapigwa picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Tuliambiwa alikuwa anatafuta njia ya kwenda India. Hatukuambiwa kwamba alikuwa anatafuta pia Wakristo.

Ulaya ilikuwa imesikia habari za wafuasi wa Tomaso huko mashariki. Marco Polo alikuwa amesimulia kaburi lake miaka 200 kabla. Kwa hiyo da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498 na kukuta meli za Wahindi, Wareno waliwaonyesha picha ya Maria. Wahindi wakainama kwa heshima, Wareno wakafurahi sana: wamepata ndugu! Yaelekea walikuwa Wahindu, watu wenye adabu mbele ya picha ya mama na mtoto. Mfalme wa Malindi aliwapa rubani. Shajara ya safari inamwita Mkristo, waandishi wa Kireno wa baadaye wanamwita Mwislamu wa Gujarati. Mwezi mmoja baadaye, Calicut, waliingia hekalu la Kihindu wakapiga magoti wakidhani ni kanisa.

Wakristo wenyewe walikuwa kusini kidogo tu ya hapo. Na walipokutana hatimaye, mambo yalianza vizuri. Wale wa Kerala walifurahi kupata ndugu mwenye mizinga.

Tatizo ni kwamba ndugu huyo alitaka wafanane naye. Hawakuwa na Kilatini. Mapadre wao walioa. Maaskofu wao hawakutoka Roma. Kwa macho ya Wareno wa Goa, hawa hawakuwa watoto wa Tomaso. Walikuwa wazushi waliopotea.

Mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, ngome iliyotawaliwa kutoka Goa. Miaka 6 baadaye, Juni 1599, askofu mkuu wa Goa, Aleixo de Menezes, aliita sinodi huko Udayamperoor, kijiji ambacho Wareno walikiita Diamper. Makasisi na wawakilishi wa Kerala walikalishwa wakaambiwa wasaini. Mapadre waache wake zao. Maaskofu wa Mesopotamia walaaniwe. Vitabu vya Kisiria visalimishwe, virekebishwe au vichomwe. Vikachomwa.

Naomba usimame hapo na mimi kidogo. Lile pengo nililotia kidole nikashika hewa, sehemu yake huenda ni majivu. Pengine kulikuwa na hati ya kunijibu. Pengine hakukuwa. Walioogopa maswali walihakikisha kwamba mimi na wewe hatutawahi kujua.

Watu wa Kerala walivumilia nusu karne. Kisha mwaka wa 1652 akafika askofu kutoka mashariki, Ahatallah. Wareno walimkamata, na uvumi ukaenea kwamba wamemzamisha baharini. Tarehe 3 Januari 1653, umati ulikusanyika Mattancherry, Kochi, mbele ya msalaba wa mawe. Wasimulizi wanasema watu walikuwa wengi mno kuufikia wote, kwa hiyo wakaufunga kamba ndefu, kila mmoja akashika kamba, nao wakaapa kwamba hawatawatii tena Wajesuiti. Inasemekana msalaba uliinama kwa kuvutwa, na ndiyo maana kiapo hicho kinaitwa cha Msalaba Uliopinda. Miezi michache baadaye wakamsimika askofu wao wenyewe, shemasi mkuu aliyeitwa Thoma. Akawa Mar Thoma wa Kwanza.

Mwisho wake si safi kama wa sinema. Wengi walirudi Roma baada ya miaka kadhaa, wengine wakajiunga na patriaki wa Antiokia, na leo watoto wa Tomaso wamegawanyika katika makanisa kadhaa ambayo yamepelekana mahakamani mara nyingi kuhusu majengo. Hata mifupa imegawanyika: kaburi liko Chennai, ilhali Ortona huko Italia wanasema masalia yako kwao tangu 1258. Pacha, hata kaburini. Kwa maana "Tomaso" si jina hasa. Ni neno la Kiaramu la pacha, jina la utani, kama langu.

*

Nimeandika haya kwa sababu ya mabishano mawili ambayo sisi vijana wa mjini tunayarudia sana.

La kwanza ni kwamba Ukristo ni dini ya wazungu. Naelewa uchungu ulio ndani ya maneno hayo. Babu zetu walipewa Biblia na kipande siku zilezile. Lakini ukisema hivyo mbele ya mtu wa Kerala, au wa Ethiopia, au wa Misri, unamfuta. Unafanya kile Menezes alifanya: unaamua kwamba Mkristo wa kweli lazima apitie Ulaya. Wao walikuwa wanasali babu zake da Gama hawajajua Malindi iko wapi.

La pili linatoka upande wa pili, na hilo lina kidonda changu. Ni ile sauti inayosema ukiwa na swali, toka kwanza, urudi ukiwa nalo limeisha. Nimewaona marafiki wakitoka hivyo. Mmoja aliuliza sadaka inaenda wapi. Mwingine aliuliza kwa nini mtoto wake alikufa na wote walikuwa wameomba. Walionyeshwa mlango kwa upole, na hawakurudi, na sisi tulioitikia kwa kichwa tukaendelea kuimba. Mimi nilikuwa mmoja wa walioitikia. Nilikuwa nimechoka kukaa kwenye ndoo.

Siku hizi nafikiria zile siku 8. Hakuna aliyeandika walikula nini, au kama Petro alimkasirikia, au kama usiku Tomaso alilala akiwa amegeukia ukuta. Lazima kulikuwa na chakula, na lazima mtu alimpakulia.

Shosh, nimesoma. Imechukua muda, nilipitia India. La, hawakumtoa nje.